Mbwa wa Kunusa Nyayo: Tumjue, Tumtunze, Tusimharibie Kazi



Tukitembelea vikundi huku mashambani, habari ya wizi wa mifugo haikosi kutajwa. Mama amepewa mbuzi wa maziwa na kikundi chake, bado anamlipia kidogo kidogo kila Alhamisi. Asubuhi moja anaamka na kukuta kamba imekatwa. Mbuzi hayupo, lakini deni liko pale pale. Hapo watu huanza kutazamana vibaya. Huyu anamtaja yule, yule anamtaja mwingine, na kikundi kilichojengwa kwa miaka mitano kinavunjika kwa wiki moja.

Katika mazungumzo hayo tunaulizwa maswali mawili mara kwa mara. La kwanza: "Mbona sisi tusichange tununue mbwa wa kunusa, kama wale wa hifadhi za wanyama?" La pili linaulizwa kwa uchungu: "Mbwa aliletwa, akazungukazunguka uani, akakaa chini. Kwani mbwa gani huyo?"

Maswali yote mawili ni mazuri. Toleo hili tumeona tuyajibu kwa kirefu, kwa kumweleza mbwa mmoja anayesifika kuliko wote kwa kazi ya kunusa, yaani Bloodhound. Tukimjua vizuri, tutajua pia kwa nini mara nyingi kazi yake inaharibika kabla hajafika. Wanaoiharibu, tuseme ukweli, ni sisi wenyeji.

NI MBWA GANI HUYU?

Bloodhound ni mbwa mkubwa. Dume huwa na kimo cha sentimita 64 hadi 72 akipimwa begani, na uzito wa kilo 46 hadi 54. Jike ni mdogo kidogo. Rangi yake ni nyeusi na hudhurungi, au rangi ya maini na hudhurungi, au nyekundu tupu. Masikio yake ni marefu ajabu, yananing'inia hadi chini ya taya. Ngozi ya uso ina mikunjo mingi, na chini ya shingo imelegea kama ya fahali. Ukimtazama usoni utadhani amefiwa.

Jina lake la Kiingereza lina neno "damu" ndani yake, na wengi wanafikiri ni mbwa mkali anayepasua watu. Sivyo. Bloodhound ni mpole sana. Amefundishwa kumfuata mtu mpaka alipo, basi. Akimfikia, mara nyingi atatikisa mkia tu. Kwa hiyo anayemtaka mbwa wa kulinda boma usiku, huyu hamfai.

Asili yake ni Ulaya. Mapokeo yanamhusisha na monasteri ya Mtakatifu Hubert katika milima ya Ardennes, ambayo leo iko Ubelgiji, ambako watawa walizalisha mbwa wa kuwinda kwa miaka mingi. Hata leo kwa Kifaransa anaitwa mbwa wa Mtakatifu Hubert. Mtakatifu huyo alikuwa askofu wa Liège, akafariki mwaka 727. Ni msimamizi wa wawindaji, na sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba. Baadaye mbwa hao walienea Uingereza na nchi nyingine, wakatoka kwenye kazi ya kufuata paa na kuingia kwenye kazi ya kufuata watu.

Si kila kazi waliyopewa ilikuwa ya haki. Huko Marekani, enzi za utumwa, mbwa wa kunusa walitumiwa kuwasaka watumwa waliotoroka. Mbwa hajui nani ana haki na nani hana. Anafuata harufu aliyopewa. Haki inabaki mikononi mwa mtu aliyeshika kamba, na mikononi mwa watu wanaomfuata nyuma. Jambo hili tulikumbuke, tutalirudia.

Hapa Kenya mbwa wa kazi si jambo geni. Polisi wamekuwa na kitengo cha mbwa tangu mwaka 1948, na wanatumia mbwa wa aina mbalimbali. Shirika la Wanyamapori, KWS, nalo lina mbwa wake. Katika Mara Triangle, upande wa magharibi wa hifadhi ya Maasai Mara, kitengo cha mbwa kilianza mwaka 2009 na Bloodhound wawili, kwa ajili ya kuwafuata majangili. Kule Lewa, katika kaunti ya Meru, mbwa wa namna hii wamesaidia si kulinda vifaru tu bali pia majirani walioibiwa. Kwa hiyo mbwa huyu tayari ni jirani wa baadhi yetu.

HARUFU INAFANYAJE KAZI?

Kila mtu anapotembea anaacha kitu nyuma yake. Ngozi yetu inapukutika kila dakika, vipande vidogo maelfu kwa maelfu, visivyoonekana kwa macho. Vipande hivyo vina jasho, mafuta ya mwili na vijidudu vidogo vinavyovila. Hapo ndipo harufu inapotoka. Vinaanguka chini, vinashika kwenye majani, vinapeperushwa na upepo mpaka kwenye ua na mitaro. Mwizi anaweza kuvaa glavu, anaweza kuvaa viatu vya mpira, lakini ngozi yake hawezi kuiacha nyumbani.

Sisi binadamu tuna chembe za kunusia milioni 5 au 6 hivi ndani ya pua. Bloodhound ana zaidi ya milioni 200. Tena pua ya mbwa imegawanyika kwa ndani. Sehemu ya hewa inaenda kwenye mapafu kwa kupumua, na sehemu inapelekwa chumba cha nyuma cha pua kwa kunusa tu. Anapotoa pumzi, hewa inatokea kwenye mikato ya pembeni mwa tundu za pua, ili isiifukuze harufu mpya inayoingia. Anapokuwa kazini anavuta pumzi fupi fupi, kama mara tano kwa sekunde moja.

Masikio yale marefu na mikunjo ile ya uso, watu waliozoea kazi hii wanasema vinasaidia kuikusanya harufu karibu na pua. Udenda unaomtoka nao unaongeza unyevu, na harufu inapenda unyevu.

Ndiyo maana wakati ni muhimu. Alfajiri, umande ukiwa bado chini, njia ya harufu ni nzuri. Kwenye nyasi na kivulini inakaa sana. Mchana jua likiwa kali, ardhi ikikauka na upepo ukivuma, harufu inatawanyika na kufifia. Kwenye lami na kwenye mawe yaliyopata moto ni shida zaidi. Mvua kidogo haiharibu sana, lakini mvua kubwa ya kutiririsha maji inaifagia njia. Bloodhound aliyefunzwa vizuri anaweza kuifuata njia ya jana, na hata zaidi, hali ikiwa nzuri. Lakini kila saa inayopita inamwongezea kazi.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: mbwa huyu hafuati mbuzi wako. Anamfuata mtu. Anaonyeshwa harufu ya mtu mmoja, kwa mfano kutoka kwenye kofia iliyodondoka au alama ya mguu, halafu anaambiwa: huyu ndiye. Kuanzia hapo anatafuta harufu hiyo moja kati ya harufu mia.

KWA NINI ALIZUNGUKA AKAKAA CHINI?

Sasa tunaweza kulijibu swali la pili. Mwizi amekuja saa nane usiku. Saa kumi na mbili mwenye mbuzi anapiga kelele. Saa moja majirani arobaini wameshafika. Wengine wamesimama juu ya nyayo za mwizi wakionyeshana nyayo za mwizi! Kofia imeokotwa, imepita mikono kumi, kijana mmoja ameijaribu kichwani. Mlango wa banda umefunguliwa na kufungwa. Mbwa wa majirani wote wako uani. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, ndipo mbwa wa kunusa anafika.

Anaonyeshwa kofia. Kofia ina harufu ya watu kumi na mmoja. Kumi wako hapo hapo uani wakimwangalia. Anawazunguka, anawanusa, anakaa chini. Mbwa hajakosea. Amejibu swali aliloulizwa.

Basi kikundi kikikubaliana mapema, mambo haya yanawezekana, na hayahitaji pesa:

1. Mtu wa kwanza kugundua wizi asiingie bandani. Apige kelele akiwa nje, na amwite mzee wa kijiji.

2. Zungusheni kamba au matawi kuzunguka banda na njia mwizi aliyopitia. Watu wakae nje ya kamba, upande mmoja tu, upande ambao mwizi hakupita.

3. Nyayo iliyo wazi ifunikeni kwa karai au beseni safi lililogeuzwa, mkiweka mawe juu lisipeperuke. Msiikanyage, msiipime kwa mkono.

4. Kitu kilichodondoka, kiwe kofia, panga, kipande cha shuka au kamba, msikiguse. Mkilazimika kukiondoa kwa sababu ya mvua au ng'ombe, kiinueni kwa kijiti safi, mkitie kwenye bahasha au mfuko wa karatasi mpya. Mtu mmoja tu afanye hivyo, na asiondoke.

5. Kila aliyeingia bandani au aliyeshika kitu asubiri mpaka mwongozaji wa mbwa afike. Mbwa atawanusa hao kwanza ili ajue: si huyu, si huyu, basi ni yule asiyekuwepo. Kama aliyeshika kofia amekwenda sokoni, mbwa anaweza kumfuata yeye mpaka sokoni.

6. Fungeni mbwa wenu wote, na ng'ombe na kondoo wasipitishwe njia hiyo.

7. Pigeni ripoti mara moja kwa chifu au naibu wake na kituo cha polisi. Wanaoishi karibu na hifadhi wapige pia kwa askari wa hifadhi. Namba hizo za simu ziandikwe kwenye daftari la kikundi leo, siyo siku ya msiba.

8. Andikeni: wizi uligunduliwa saa ngapi, mvua ilinyesha au la, nani waliingia. Mwongozaji atauliza hayo kabla ya kumshusha mbwa.

9. Mbwa akianza kazi, watu wabaki nyuma sana, kimya. Asiitwe, asipigiwe mluzi, asipewe chakula.

Mambo haya yanasaidia pia kwa jambo zito kuliko mbuzi. Mtoto akipotea, au mzee aliyeanza kusahau akitoka nyumbani asirudi, nguo aliyoivaa jana na ambayo haijafuliwa ni dhahabu. Shati, soksi, foronya ya mto. Iwekeni peke yake kwenye mfuko wa karatasi, isichanganywe na nguo za wengine. Na msisubiri siku mbili mkitafuta wenyewe kwanza.

MBWA SI HAKIMU

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Mbwa akifuata njia na kuingia katika boma la mtu, maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba harufu aliyopewa imefika hapo. Pengine mwenye boma ndiye mwizi. Pengine mwizi alikatiza uani kwake. Pengine ni yule mtu aliyeokota kofia asubuhi kisha akaenda kunywa chai kwa jirani. Mbwa hawezi kutueleza ni lipi kati ya hayo.

Mahakama zetu zinalijua hilo. Katika uamuzi wa mwaka 1967, mahakama ilitahadharisha kwamba ushahidi wa mbwa upokewe kwa uangalifu mkubwa. Mwongozaji lazima aeleze mbwa huyo amefunzwa vipi, amefanya kazi kiasi gani na anaaminika namna gani. Njia ya mbwa inatafutiwa ushahidi mwingine: mbuzi mwenyewe, ngozi, shahidi aliyeona.

Ikiwa hakimu, aliyesoma sheria, anaogopa kumhukumu mtu kwa pua ya mbwa peke yake, itakuwaje sisi tulio na hasira na mawe mkononi? Tumewaona wajane ambao waume zao waliuawa na umati kwa kushukiwa tu. Mbuzi mwingine ananunuliwa. Mtu hanunuliwi. Viongozi wa vikundi, kazi yenu siku hiyo ni kuwashika vijana wenu. Mbwa akisimama kwenye mlango wa mtu, polisi ndio waingie. Sisi tubaki barabarani.

MATUNZO YA BLOODHOUND

Tuje sasa kwa swali la kwanza, la kununua. Kabla ya kuchanga, kikundi kijue mbwa huyu anataka nini.

Chakula. Mbwa wa kilo 50 anakula zaidi ya nusu kilo ya chakula kikavu cha mbwa kwa siku, na siku za kazi anakula zaidi. Kwa mwaka hiyo ni zaidi ya kilo 180, yaani magunia mawili ya kilo 90 na ushei. Ugali mtupu haumtoshi. Anahitaji nyama au samaki ndani yake. Mifupa iliyopikwa asipewe, kwa sababu inapasuka kama vijiti na kuchoma utumbo. Vitunguu pia ni sumu kwake.

Tumbo. Huu ndio ugonjwa unaoua sana mbwa wakubwa wenye kifua kirefu kama huyu. Tumbo linajaa hewa, halafu linajipinda. Utaliona limevimba kama ngoma, mbwa anahangaika, anajaribu kutapika na hakuna kitu kinachotoka. Hapo dawa za kienyeji ziachwe. Ni daktari wa mifugo mara moja, kwani saa chache tu zinatosha kumuua. Kinga yake ni kumpa chakula mara mbili kwa siku, kidogo kidogo, siyo mara moja kwa wingi, na kumpumzisha saa nzima au zaidi kabla na baada ya kula. Asile halafu akimbizwe kazini.

Masikio. Sikio linaloning'inia halipati hewa. Ndani kuna joto na unyevu, na vidonda vinaanza. Yafunuliwe na kukaguliwa kila wiki, yasafishwe kwa kitambaa laini na dawa aliyoagiza daktari. Mbwa akitikisa kichwa kila mara, au sikio likitoa harufu mbaya, tayari ni mgonjwa. Akila, masikio yanaingia kwenye sahani, kwa hiyo apewe chombo kirefu chenye mdomo mwembamba.

Macho na mikunjo. Kope zake za chini zinalegea na kukusanya vumbi. Pangusa kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Mikunjo ya uso na ya shingo ipanguswe na ikaushwe, la sivyo ngozi inaoza.

Joto. Mbwa huyu aliumbiwa nchi za baridi. Huku kwetu afanye kazi alfajiri na jioni. Awe na kivuli, banda linalopitisha hewa na maji safi wakati wote. Akihema kwa nguvu, ulimi ukawa mwekundu sana na miguu ikayumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida, kisha mwite daktari.

Magonjwa ya huku. Kupe wanamletea homa ambayo mbwa wetu wa kienyeji wanaistahimili zaidi kidogo. Penye mbung'o anaweza kupata nagana. Akikataa kula, akawa na homa, macho yakaingia ukungu na ufizi ukapauka, damu yake ipimwe. Kupe watolewe kila siku, hasa katikati ya vidole na ndani ya masikio. Miguu ikaguliwe miiba baada ya kazi.

Tabia. Ni mpole, lakini ni mkaidi. Pua yake ikishika njia, masikio yanaziba. Anaweza kufuata harufu mpaka barabara kuu bila kuona gari linalokuja, ndiyo maana anahitaji ua imara, na kazini anafungwa mkanda wa kifuani na kamba ndefu. Fimbo haimfai kabisa. Ukimpiga anavunjika moyo na kazi inakwisha. Anafundishwa kwa sifa, kwa mchezo na kwa kipande cha nyama.

Mwongozaji. Hiki ndicho kitu ghali kuliko vyote. Mbwa na mtu wake wanafunzwa pamoja kwa miezi mingi, na baadaye mazoezi yanaendelea kila wiki, kazi ikiwepo isiwepo. Mwongozaji anajifunza kusoma mkia, kichwa na mwendo wa mbwa wake. Mbwa asiyekuwa na mtu wa namna hiyo ni mlaji tu.

Na mwisho wa yote, maisha yake ni mafupi. Wengi wanaishi miaka 7 hadi 10. Ukitoa utoto na mafunzo, miaka ya kazi ni michache.

JE, KIKUNDI KINUNUE?

Kwa maoni yetu, hapana. Kikundi cha watu 25 kinachoweka akiba ya shilingi hamsini hamsini kitamnunua mbwa huyu kwa furaha na kumzika kwa deni. Afadhali pesa hizo zifunge mabanda vizuri, ziweke alama kwenye masikio ya mbuzi, zinunue kufuli na taa ya jua.

Lakini kuna linalowezekana. Vikundi kadhaa vya tarafa moja vinaweza kumwomba chifu awakutanishe na polisi wa kitengo cha mbwa, au na hifadhi iliyo jirani. Waulizeni: mbwa wenu wanaweza kutufikia kwa muda gani? Mnataka tufanye nini kabla hamjafika? Waje wawaonyeshe watu kwa macho. Kijana mmoja ajifiche, mbwa amtafute. Watu wakiona namna mbwa anavyofuata mtu mmoja kati ya wengi, wataheshimu ile kamba iliyozungushwa kwenye banda.

TUSIWASAHAU MBWA WETU

Mbwa wa Mtakatifu Hubert ana pua ya ajabu, lakini hata Simba na Bobi wa nyumbani wana pua inayotushinda sisi mara nyingi sana. Wanamjua mgeni akiwa bado mbali. Na sisi tunawalipa nini? Tunawafunga mchana kutwa juani bila maji, kupe wamejaa masikioni, halafu usiku tunategemea walinde.

Matunzo tuliyoyataja hapo juu, mengi ni yao pia: maji, kivuli, chakula cha kutosha, kutoa kupe, dawa ya minyoo. Siku ya kuchinja, maini na mapafu yenye malengelenge ya maji wasirushiwe. Yana vibuu vya minyoo ambayo hukua ndani ya mbwa, na mayai yake yanarudi kwa watoto wetu na kufanya uvimbe mkubwa tumboni, ugonjwa unaojulikana sana Turkana. Yachomwe moto au yazikwe kwenye shimo refu.

Kubwa kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Zamani kule Ulaya watu walioumwa na mbwa walikimbilia kumwomba Mtakatifu Hubert, kwa sababu hakukuwa na dawa. Mwaka 1885 Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeumwa, na mtoto akapona. Tangu hapo kuomba tunaomba, lakini kliniki tunakwenda. Mtu akishaonyesha dalili za ugonjwa huu, ni karibu hakuna anayepona. Akichanjwa mapema, anapona.

Mwaka 2014 Kenya ilianzisha mpango wa kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Njia yake ni moja, kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100, mwaka baada ya mwaka. Kijiji chenye mbwa 50 kinahitaji mbwa 35 wachanjwe. Kikundi kinaweza kuwahesabu kwa siku moja, kisha kipeleke orodha kwa afisa wa mifugo wa kaunti.

Mtu akiumwa, kidonda kioshwe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa, siyo kwa kukisia. Msipake majivu wala mafuta. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kama mkwaruzo. Chanjo zimaliziwe zote. Wengi wanaacha katikati kwa sababu kidonda kimepona, kumbe hatari haijaisha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Wizi ukitokea kwetu usiku huu, nani atazungusha kamba, nani atapiga simu, nani atazuia umati? Andikeni majina matatu kabla ya kufunga mkutano.

2. Je, kuna mtu katika kijiji chetu aliyewahi kushukiwa bila ushahidi? Tumefanya nini kumrudishia heshima yake?

3. Kijijini kwetu kuna mbwa wangapi? Wangapi wamechanjwa mwaka huu? Nani ana kadi?

4. Namba za chifu, polisi, zahanati na daktari wa mifugo ziko wapi? Kila mwanachama anazijua?

Vikundi ambavyo vimekwisha kujipanga kwa mambo haya, tuandikieni mlivyofanya na shida mlizokutana nazo. Wenzenu wa parokia nyingine wanangoja kujifunza kwenu.